Bwawa Nalo Lina Miezi Yake

Haya ni maneno niliyoyasema kwenye mkutano wa mwaka wa kikundi chetu cha wanawake wachuuzi wa samaki, Dodoma, mwezi Novemba. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeacha tu vicheko na pale nilipokuwa natafuta miwani.

Mwenyekiti wetu, mweka hazina wetu, walinzi wa funguo tatu za sanduku, mama zangu, wadogo zangu, na nyie akina baba wawili mliokaa karibu na mlango kana kwamba mnasubiri basi: mbukwenyi!

Nimepewa dakika ishirini, na nimeonywa niseme biashara, nisianze hadithi. Nitajitahidi. Lakini biashara ya samaki mnaijua wenyewe, haina bei ambayo nyuma yake hakuna hadithi.

Naanza na swali, na tafadhali msinyooshe mikono. Februari iliyopita, nani kati yetu aliuza perege wa ukubwa wa kiganja cha mtoto? Nimesema msinyooshe, mama. Nakujua. Mimi mwenyewe nimeshawauza miaka mingi, kwa mafungu, wamekaangwa mpaka mifupa inaliwa kama bisi. Sikuja hapa kama mlokole wa samaki. Nimekuja kwa sababu mwezi ujao tunavunja hisa, yaani tunafungua sanduku na kugawana akiba ya mwaka, na ninataka kuwaonyesha kwamba tarehe yetu ya kuvunja hisa na wale perege wa kiganja ni jambo moja.

Twende kwanza bwawani Mtera, kwenye barabara ya Iringa. Wengi wenu mnaijua Mtera ya pale barabarani tu, basi likisimama na vijana wakiinua mishikaki ya samaki wa kukaanga hadi dirishani. Bwawa lenyewe halikuchimbwa kwa ajili yetu. Lilijengwa kati ya mwaka 1975 na 1980 ili kutunza maji ya kuzungusha mitambo ya umeme kule chini Kidatu, na mitambo yake yenyewe Mtera, ya megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Samaki ni kama mpangaji aliyeingia bila mkataba. Maji ni ya umeme. Yakifunguliwa kwenda Kidatu, hakuna anayemuuliza perege kama amemaliza kutotoa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Bwawa hilo likijaa kabisa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hadi mita 690, mitambo haitakiwi tena kuyanywa. Tofauti hapo ni mita nane na nusu, urefu wa mti wa kawaida. Lakini nchi ile ni tambarare kama sinia, kwa hiyo maji yakishuka mita moja, ukingo unakimbia mbali. Nimewahi kufika mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, mwezi wa sita, nikakaa pale pale mtumbwi unapofungwa. Nikarudi mwezi wa kumi na moja, nikatembea mpaka viatu vikanishinda, nafuata maji. Katikati ya njia niliyotembea palikuwa na majani mabichi, ng'ombe wanakula, na mtu kalima mahindi yake kwenye unyevunyevu uliobaki.

Bwana samaki mmoja, yaani afisa wa uvuvi, sasa amestaafu, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia: unayaona haya majani na mavi haya ya ng'ombe? Hiki ndicho chakula cha samaki wa mwakani. Mvua ikinyesha, Ruaha Mkuu unaleta maji kutoka Usangu, Ruaha Mdogo unaleta ya Iringa, na Kizigo, ambao kiangazi ni mchanga mtupu, unashuka na yake kutoka upande wa Manyoni. Maji yanapanda juu ya majani. Majani yanaoza, maji yanakuwa kama uji, vijidudu vinajaa, na samaki wanatoka kwenye kina wanakuja kula na kuzaa humo kwenye majani, mahali ambapo mwezi mmoja nyuma ng'ombe alikuwa amelala. Bwawa ambalo halipandi wala halishuki, alisema, ni maskini. Letu linalishwa na kiangazi chenyewe.

Kwa hiyo mnielewe, mtu akisema Februari Mtera hakuna samaki, si kweli. Samaki wapo, tena ndiyo wengi. Wametawanyika vichakani, wana kazi zao.

Nizitaje hizo kazi, kwa sababu sisi tunaowapara na kuwatumbua tunaziona kwa macho kuliko mvuvi. Mmewahi kumfungua mdomo perege jike mnamkuta amejaza vitu vya njano kama punje za ulezi? Wateja wangu wa zamani walikuwa wanadhani ni ugonjwa. Yale ni mayai. Dume anachimba kiota kwenye mchanga pale maji yalipo mafupi, jike anataga, kisha anayazoa yote mdomoni anaenda nayo. Anayalea humo humo. Hata yakianguliwa, watoto wanatoka kutembea, wakiona hatari wanarudi kwa mama mdomoni. Muda huo wote mama hali sawasawa, ndiyo maana unamkuta kichwa kikubwa na mwili umekonda. Akinaswa wavuni anatapatapa, anayatema. Ukinunua jike mmoja wa namna hiyo hujanunua mmoja.

Na ukipitisha kokoro pale pale, wavu wa kuburuta ule, unasomba watoto na unafuta viota vya madume kama mtu anayefagia uwanja. Kokoro limekatazwa kwenye kanuni, timba nazo zimekatazwa, zile nyavu za uzi mmoja unaong'aa kama plastiki. Sote tunajua. Nina neno langu kuhusu timba lakini nitalisema baadaye kidogo, likinikumbuka.

Kambale yeye ni mtu mwingine kabisa. Halei. Mvua za kwanza zikishuka na vijito vikianza kutiririka, anapanda usiku, wengi wengi, hadi kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kufika magotini. Anabandika mayai kwenye majani, kwa maelfu, anarudi zake bwawani kabla ya kupambazuka. Mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili tu. Ndiyo maana usiku ule vijana wanasimama kwenye kijito na mapanga na tochi. Kambale aliyejaa mayai hana mbio, na hana akili nyingine usiku huo isipokuwa kupanda. Asubuhi inayofuata tunaletewa matenga yamejaa, tunafurahi tunasema Mungu kafungua mlango. Mlango ulifunguliwa wa kutokea.

Wale wenzetu wa Bahi wataniambia: sisi kwetu hakuna hayo ya kusubiri. Na wana haki. Sulunga ni ziwa la msimu. Mto Bubu unashuka kutoka kaskazini, kule Kondoa, unamwaga maji pale Bahi na yanaishia hapo hapo, hayana pa kutokea. Mwaka wa mvua nyingi ni ziwa la kweli, mitumbwi inakatiza. Mwaka wa ukame unapita na baiskeli. Pale perege aliyebaki kwenye dimbwi la mwisho mwezi wa kumi atakufa tu, mvueni, mleni, hakuna dhambi. Kambale atajaribu bahati yake. Ana kiungo cha kuvutia hewa ndani ya kichwa, juu ya mashavu, kwa hiyo anaweza kukaa kwenye tope ambalo perege angekufa asubuhi moja. Nimemuona mtu wa Bahi anapita juu ya tope lililokwisha pasuka, anagonga gonga na mti, anasimama, anachimba, anatoa kambale hai. Kwa hiyo ninayoyasema leo ni ya Mtera. Sheria ya Mtera ukiipeleka Sulunga bila kufikiri utawanyima watu chakula kinachokwenda kuoza.

Hombolo sitaigusa. Bwawa la mwaka 1957, limejaa udongo, na wenyewe wa huko wanalijua vizuri kuliko mimi.

Sasa hadithi niliyokatazwa.

Miaka kumi na mitatu iliyopita, mwezi wa tatu, sikuwa na mtaji. Hisa tulivunja Desemba, kama kawaida yetu. Krismasi ikala ya kwake. Januari watoto watatu wakadai sare, madaftari, viatu. Mwisho wa Januari nilikuwa na shilingi elfu kumi na nne na beseni. Na mnajua kwetu Ugogo miezi ile ilivyo: mahindi yapo shambani bado mabichi, uwele haujakomaa, ghala limebaki vumbi, kila mtu ananunua chakula kwa bei ya juu. Mume wangu alikuwa kibarua Kibaigwa, sokoni kwenye mahindi, na mahindi yenyewe hayajaja.

Nikaenda kuchukua mkopo. Ule tunaouita kausha damu. Jina la waliotoa sitalitaja, nao wenyewe wameshafunga ofisi. Marejesho kila wiki, na mgeni wa kwanza Jumatatu asubuhi ni mtu wa mkopo. Nikapanda basi hadi Mtera. Mwaloni perege wakubwa hakuna, wametawanyika kama nilivyowaambia, na wachache waliokuwepo bei yake ni ya hoteli. Kijana mmoja akaniita pembeni: mama, ninao wadogo, nakuuzia ndoo kwa bei ya bure. Nikachukua ndoo nne. Usiku ule nilimlipa mama mmoja pale kijijini nikatumia jiko lake, nikawakaanga wote mpaka kunakucha.

Kabla ya kukaanga, sijui nini kilinisukuma, nikahesabu ndoo moja. Walikuwa 260. Ndoo ya lita 20, samaki 260! Nikacheka peke yangu. Nikaona utajiri.

Tulipofika kwenye kizuizi cha barabarani, samaki wakashushwa kwa sababu ni wachanga. Hawakufika hata kilo moja Dodoma. Nikaandikiwa faini ambayo nilikopa kwa dada yangu kuilipa, na Jumatatu mtu wa mkopo akaja kama saa. Akachukua redio, godoro moja, na beseni. Lile beseni liliniuma kuliko godoro.

Kwa miaka miwili nilikuwa nawalaani wale waliotushusha. Na kusema kweli mpaka leo nina kinyongo kidogo, ndilo lile neno la timba nililoliahidi: mbona mkono wa sheria ni mrefu sana ukimfikia mama mwenye ndoo barabarani, na mfupi ukifika kwa mfanyabiashara anayeshusha marobota ya timba mjini mchana kweupe? Sheria ya Uvuvi ipo tangu mwaka 2003. Timba haioti shambani. Inanunuliwa dukani, kwa risiti. Haya, limekwisha, ninapumua.

Lakini siku moja nilikaa nikafanya hesabu ya wale 260. Tuseme wangebaki majini mpaka Agosti. Wengi wangeliwa, na kambale, na ndege, na mamba wa pale. Tuseme nusu wanapona, 130. Miezi sita kwenye ule uji wa majani, tuseme kila mmoja ana uzito mara tatu. Hiyo si ndoo moja tena, ni ndoo moja na nusu. Na tofauti ya kweli wala si ndoo. Perege wa kiganja unauza kwa fungu, mteja anajaza sahani kwa mia tano na bado anaomba nyongeza. Perege wa Agosti unauza mmoja mmoja, kwa jina lake, na mteja wa ofisini anachagua kwa kidole. Tangu serikali ilipohamia hapa, mnajua wenyewe mteja huyo ni nani na anakula saa ngapi.

Halafu nikajiuliza: yule kijana angevua wale wadogo kama hakuna aliyekuja na ndoo? Mvuvi wa Mtera hali perege 260. Anavua kwa sababu kuna gari linasubiri, na ndani ya gari kuna mimi. Tundu la wavu linakatwa na mnunuzi. Na mimi nilikuwa mnunuzi wa namna ile Machi ile kwa sababu moja tu: sikuwa na pesa ya kukataa.

Hapo ndipo tarehe ya kuvunja hisa inapoingia.

Tazameni wenzetu wa maziwa makubwa wanavyoishi na kufunga. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa, miezi mitatu, samaki wazaliane. Tulikuwa hapa tunaulizana dagaa wa Kigoma wamekwenda wapi. Ziwa lile ni la nchi nne, na waliweza kukubaliana. Kule Ziwa Victoria, wavua dagaa wanafungiwa na mwezi wenyewe. Dagaa anavuliwa kwa taa, usiku wa giza, anafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa haina maana, mitumbwi inapumzika, watu wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana, wanasubiri giza. Hakuna anayesema mwezi umemwonea. Wameshayapanga maisha yao juu yake: kila mmoja anajua siku ngapi hana kipato, na deni la dukani linaandikwa kwa kufuata mwezi.

Sisi Dodoma mapumziko ya Mtera yanatukuta kila mwaka kama mgeni asiyepiga hodi. Maji yanapanda kuanzia Desemba au Januari. Yanapanda hadi Aprili, Mei. Kisha upepo wa baridi wa mwezi wa sita na wa saba, mitumbwi inaogopa mawimbi, ila samaki wanaanza kurudi. Agosti hadi Novemba maji yanashuka, samaki wanabanana, ndiyo neema yetu. Miaka inatofautiana, ndiyo. Wakubwa mnaikumbuka ile mvua ya El Niño ya 1997 na 1998, na mnaukumbuka mwaka 2006, mgao wa umeme, bwawa limekauka mpaka kila mtu nchini akalijua jina la Mtera. Na Ruaha Mkuu wenyewe, ambao babu zetu hawakuujua ukikatika, tangu mwaka 1993 unakatika kiangazi kule Hifadhi ya Ruaha kwa sababu ya maji yanayotumika juu huko na mengine mengi. Lakini mwaka mbaya au mzuri, mpangilio ni ule ule. Miezi mibaya tunaijua. Ila sanduku letu tunalifungua Desemba, tunalimaliza Desemba, na Februari tunaingia bwawani mikono mitupu na ndoo.

Pendekezo langu ni hili, na katibu aliandike kama nilivyolisema.

Desemba tuvunje nusu ya hisa. Krismasi ipo, sikatai, mimi mwenyewe napenda pilau. Nusu ya pili ibaki sandukuni, kufuli tatu, mpaka wiki ya kwanza ya Februari. Watoto watakuwa wameshaanza shule, na hicho ndicho kipindi ambacho kausha damu huwa anapita mitaani akitabasamu. Mtu akiwa na nusu yake mkononi siku hizo, anaweza kununua gunia la dagaa wakavu wa Mwanza, au kayabo, wale samaki wakavu wa chumvi, au akauza karanga na mlenda mkavu pale pale kwenye meza yake, mpaka perege warudi. Mimi nimefanya hivyo miaka tisa sasa, kwa akiba ninayoificha nyumbani, na mume wangu bado hajui ilipo. Baba, usijidai unasinzia hapo mlangoni.

Faida ya dagaa ni ndogo kuliko ya perege, nisiwadanganye. Kuna wiki nilikuwa napata hela ya unga na sabuni, basi. Na ukinunua bila kuangalia mwezi unaumia, maana usiku wa mbalamwezi kule ziwani ndio bei inapanda huku. Lakini sijapigiwa hodi Jumatatu hata moja.

Sehemu ya pili ni ngumu zaidi. Kuanzia Januari mpaka mwisho wa Mei, mwanachama wa kikundi hiki asinunue perege mchanga, awe mwaloni, awe kwa dalali, awe kwa shemeji yake. Najua mtauliza mchanga ni yupi, maana kila mtu ana jicho lake, na jicho la mwenye njaa linamwona kila samaki mkubwa. Nimeleta kipimo. Hiki hapa. Kalamu ya kawaida ya wino, yenye kifuniko chake, kila mmoja anayo kwenye pochi. Samaki aliyelala mezani asiyeipita kalamu hii, kutoka mdomo hadi mwisho wa mkia, arudishwe alikotoka, hata kama ameshakufa, ili yule kijana abaki naye ajue hakuna gari linalomsubiri. Hii si sheria ya serikali, ni yetu. Faini tujadili, mimi nasema elfu tano iingie mfuko wa jamii.

Nasikia huku nyuma mtu anasema tukikataa sisi watanunua wengine. Watanunua, ndiyo. Sisi ni arobaini na moja. Lakini niambieni, pale mwaloni asubuhi, ukiondoa sisi arobaini na moja, anabaki nani? Wale wa pikipiki kutoka Iringa, na wao nina mmoja ninayemfahamu, nitamfuata.

Mwenyekiti, nimezidisha dakika. Naomba pigeni kura vitu viwili tofauti, hisa peke yake na kalamu peke yake, ili anayekubali moja asibebeshwe nyingine. Katibu, hii hapa kalamu. Hesabu mikono.